Simu Yangu Mgongoni mwa Mama Mkwe

Mama Aimée mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba pia unisamehe kwa kuandika kwa mkono kwenye karatasi ya kazini, maana kwa sasa simu yangu naiogopa na sitaki kuandika jambo hili ndani yake, utaelewa sababu ukifika katikati ya barua. Jina langu la kweli usilichape gazetini, niite Isidore. Nina miaka ishirini na sita, masomo ya juu nilimalizia hapahapa Likasi, na sasa ni karani katika ghala la vifaa vya ujenzi, kazi yangu ni kuandika gari gani limepakia mifuko ya simenti na limeelekea wapi, na katika miaka miwili sikuwahi kukosea gari mpaka jambo hili liliponipata. Nasema hivi si kwa kujisifu bali usije ukadhani mimi ni mtu asiyefikiri kabla ya kutenda, kwa sababu katika jambo hili nilifikiri sana, na labda hapo ndipo nilipoharibu.

Nina mchumba, Joëlle, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alifariki akiwa mdogo, na mama yake alimlea peke yake kwa kuponda mawe ya chokaa huko Kakontwe, miaka kumi na moja ameketi chini na nyundo, jua na vumbi, mpaka Joëlle akapata diploma. Sasa mama anauza unga wa mahindi sokoni, lakini mgongo wake ulibaki kulekule kwenye mawe. Nimemwona mara nyingi, kwa mbali, jinsi anavyoinuka kwenye kiti: kwanza anashika goti, kisha anangoja, kisha anapumua mara tatu kama mtu anayejiandaa kubeba gunia, na gunia lenyewe ni yeye.

Nasema kwa mbali kwa sababu ya buko. Wewe unaijua kuliko mimi, lakini niieleze kama nilivyofundishwa nyumbani, ili uone nilipotelezea. Mwanaume na mama wa mchumba wake hawapeani mkono, namsalimu nikiwa nimesimama pembeni na macho yakiwa chini, sili mbele yake, siketi kwenye kiti chake, nikikutana naye njiani napisha, na kitu chochote kinachogusa mwili wake mimi sikigusi, mpaka siku familia yake itakapoamua yenyewe kunifungulia. Kwetu na kwao ni vilevile, na mimi sijawahi kuiona kama mzigo, nakiri hata iliniokoa, kwa kuwa ni mwoga wa watu wazima na nilifurahi kuwa na sababu nzuri ya kutosema neno.

Sasa, mwezi wa pili, mchuuzi mmoja anayetoa bidhaa mpakani Kasumbalesa alipita pale ghalani na vikandio vidogo vya mgongo, kimoja kinatosha kiganjani, cha duara kama kobe, na kina waya mfupi unaochomekwa kwenye tundu la kuchajia la simu, kisha kinatetemeka na kupata joto. Hakina betri yake chenyewe. Mtaani kwa kina Joëlle umeme ulikuwa haujaonekana tangu wiki iliyotangulia, wengine wakilaumu mvua, wengine wakilaumu mitambo ya umeme ya Mwadingusha, nami nikamuuliza mchuuzi kama kinahitaji umeme wa nyumbani, akanijibu, "Hapana, patron. Hii haiulize courant. Inakula mu telefone." Nikakinunua kabla hajamaliza kusema, nikiwaza zile pumzi tatu.

Lakini ningekitoaje? Zawadi ya kitenge ningeweza kuipitisha kwa wazee, lakini kitu cha kulala kwenye mgongo wake, kutoka kwangu mimi, kabla ya kufunguliwa, hapana. Basi nikampa Joëlle akitoe kama chake. Joëlle akanikumbusha kwamba simu ya mama ni ile ndogo ya vibonye na simu yake yeye ina tundu la kuchajia lililolegea, waya haukai, akasema simu inayofaa ni yangu tu. Hapo, Mama Aimée, nilikaa siku mbili nikifikiri. Nikajiambia: kikandio kitamgusa mama, simu itakaa kwenye kigoda, katikati yao kuna waya, na waya ni umbali. Nikaona hesabu imekaa sawa. Tukakubaliana kwamba kila siku nikitoka kazini, saa kumi na moja, Joëlle ananipokea simu kwenye kona ya barabara yao, anakwenda nayo nyumbani, na baada ya saa moja ananirudishia. Mama akauliza simu ni ya nani. Joëlle akasema ni ya mwalimu mwenzake, anaitwa Princesse.

Hakuna Princesse yeyote, Mama Aimée, shule nzima.

Mama akapona, siwezi kusema kabisa, lakini wiki ya pili Joëlle alinieleza kwamba ameinuka kwenye kiti kwa pumzi moja, na wiki ya tatu ameinama mwenyewe kufunga gunia la unga. Kikandio alikiita kamashini. Alianza kumwombea Princesse kwenye rozari. Siku moja alimpa Joëlle mfuko wa karanga za kukaanga na samaki wawili wakavu wa mto Lufira, akasema, "Umupelekee Princesse. Umwambie mugongo yangu inamusalimia." Joëlle akaniletea pale kwenye kona, tukatazamana, na kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kuvipeleka, karanga nilizila mimi. Samaki pia. Mtu asiyeruhusiwa hata kunywa maji mbele ya mama yule akala chakula alichokitoa kwa mkono wake, kwa jina la mwanamke asiyekuwapo, na nakiri kwamba kilikuwa kitamu, na kwamba wiki iliyofuata nilitazama mikono ya Joëlle kabla ya kumtazama usoni.

Kuna jambo lingine ambalo sikumwambia Joëlle. Simu ilikuwa inarudi ikiwa ya moto, na ilikuwa inanukia ile dawa ya kuchua ya mikaratusi. Kitu kilichokaa kwenye kigoda hakinukii dawa ya kuchua. Niliinusa, nikaifuta kwa leso, sikuuliza. Nilijua kwamba nikiuliza nitajibiwa. Kumbe ule waya haufiki shubiri mbili, na mama, ili aweze kuketi na kuchambua maharage huku kamashini ikifanya kazi, alikuwa anaichomeka simu ndani ya kitenge chake, kiunoni. Simu hiyohiyo mimi nikirudishiwa naiweka sikioni.

Siku siri ilipofichuka ilikuwa Jumapili alasiri, siku nisiyokwenda kazini, ambapo simu ilikuwa inapelekwa mapema. Shangazi yangu, Tante Clémentine, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye anayeshika mila zote za ukoo wetu, alinipigia simu. Joëlle alikuwa uani anaanua nguo. Mama akaitoa simu kitengeni, akaona kwenye kioo jina la mtu mzima, akaona ni utovu wa adabu kuiacha ilie, tena akapata wazo la kuishukuru familia ya Princesse. Niliyoyaandika hapa nimeyasikia kwa Joëlle, aliyeingia katikati, na kwa Tante, na wote wawili wanasema sawa.

"Allô, mama, habari ya kwenu. Mwenye telefone hayiko hapa, lakini minye nilitaka kuwashukuru. Mulizala mutoto wa roho muzuri."

"Mutoto gani?"

"Princesse. Kila siku ananikopesha telefone yake juu ya mugongo yangu."

"Princesse njo nani? Hii numero ni ya Isidore, mutoto ya kaka yangu. Na ile kelele ni ya nini, unasaga unga?"

"Hapana, ni kamashini, iko ku mugongo."

"Ku mugongo ya nani? Weye njo nani?"

"Minye njo Mama Joëlle."

Tante anasema baada ya hapo ni kamashini peke yake iliyoendelea kusema.

Mama alichomoa waya, akakifunga kikandio ndani ya kitambaa safi, akampa Joëlle pamoja na simu, akasema neno moja tu, nami nalirudia kichwani kila saa: "Nilikuwa nabariki muntu, kumbe sijue nilikuwa nabariki nani." Kisha akaingia ndani. Tangu siku hiyo, wiki mbili sasa, hajalitaja jina langu. Kikandio kiko kwenye droo yangu hapa kazini. Joëlle anasema mama amerudi kulala kifudifudi kwenye mkeka, na sokoni anawaomba wateja wajiinulie gunia wenyewe.

Kesho yake Tante Clémentine alikuja ghalani kwa miguu, mbele ya madereva wote, akanivuta pembeni ya mifuko ya simenti.

"Isidore, mutoto ya kaka yangu, unajua telefone yako inakaaka wapi mangaribi?"

Nikamwambia, "Tantine, kulikuwa na waya."

"Waya ya urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akavitazama vidole vyangu, akanitazama mimi.

"Na weye ulisoma," akasema.

Akasema nimemgusa mama wa watu, kwamba buko imevunjika, kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, familia zote mbili zitakapokaa kupanga mahari, yeye atasimama na kulisema kabla wao hawajalisema, maana aibu ikiletwa na mgeni inakuwa kubwa mara mbili. Nilisema "ndiyo, Tantine" mara nyingi, nikarudi kwenye daftari langu, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nikaandika gari la Kambove kuwa limekwenda Lubumbashi.

Joëlle sikumwona siku tano, na alipokuja kwenye kona hakuja kwa ajili ya simu. Aliniambia, "Nilidanganya mama yangu juu yako. Weye uliogopa, minye nikadanganya. Sasa uniambie, nitamuangalia na macho gani?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Rafiki yangu Déogratias, mlinzi wa stoo, yeye analo. "Karani, hii mambo ni mwepesi. Dada yangu atakuwa Princesse siku moja tu, siku ile ya Jumamosi. Telefone yako haiko na sim mbili? Basi, moja ni ya Princesse, moja ni ya kwako. Ulimukopesha mahali pa kuweka sim. Nani atauliza?" Nikamwambia Tante atauliza. Akasema, "Tante yako iko na sim ngapi?" Sijasema ndiyo na sijasema hapana, lakini dada yake ameshauliza avae nini.

Basi nakuuliza, Mama Aimée, na naomba unijibu mapema. Je, ni kweli nimemgusa, au waya ni waya? Nimlete huyo Princesse Jumamosi, uchumba upone, au niseme ukweli na nimpoteze Joëlle mbele ya wazee wote? Na kama kuna njia ya tatu, nionyeshe, kwa sababu nimeitafuta kwa uangalifu wangu wote na sikuiona.

Anayekungoja,
Isidore

*

Isidore,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza, na kwa hilo uniwie radhi. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na waya, maana ndio uliokukosesha usingizi. Huyo jirani ni bibi mwenye wakwe sita na hajawahi kuketi meza moja na hata mmoja kabla ya siku yake, kwa hiyo nikamweleza kisa chako bila majina. Alifikiri kidogo, akasema, "Huyu kijana alikosa, ni kweli, na buko iko na njia yake ya kuosha makosa. Kuku, kitenge, muntu mukubwa wa kusema. Lakini ile mama halilie waya." Nami nakubaliana naye. Rudia ile sentensi ambayo unasema unairudia kila saa, safari hii uisikilize. Mama hakusema ameguswa. Amesema hakujua anambariki nani. Mwanamke yule alimwombea mtu kwa jina kwenye rozari, akamtumia samaki wake, akawapigia magoti watu wa kwao kwenye simu kwa shukrani, na katika nyumba yake mwenyewe alikuwa yeye peke yake asiyejua kwamba mtu huyo hayupo. Binti yake alijua, wewe ulijua, na mwisho wake akaambiwa na shangazi yako, akiwa na kamashini mgongoni. Hiyo ndiyo iliyomwingiza ndani akafunga mlango.

Sasa nikukaripie kidogo, halafu tufanye kazi. Una shahada. Unaweka rekodi za magari bila kukosea. Tundu la simu ya Joëlle lililolegea linatengenezwa na kijana yeyote mwenye meza na miwani pembeni ya soko, asubuhi unaacha, mchana unachukua. Hata pawabenki, hizo betri za kubeba mfukoni, zinauzwa na huyohuyo mchuuzi wako. Wiki zote hizo hukuwaza jambo hilo hata mara moja? Mimi naona uliwaza, ukaliacha lipite. Ulipenda iwe simu yako. Ulipenda kuipokea ikiwa ya moto, ukijua kwamba saa ile nzima ulikuwa na kazi katika nyumba ambayo huruhusiwi kuingia. Sikulaumu kwa kupenda. Kijana anayehesabu pumzi za mama wa mchumba wake kutoka upande wa pili wa uwanja, mimi ningemtaka awe mkwe wangu. Lakini ukampenda kwa kujificha, na maficho yenyewe ukamwachia Joëlle ayabebe. Yeye ndiye aliyesema uwongo kwa mdomo wake, kila siku, ili wewe uendelee kusimama pembeni na macho chini, ukiita woga wako heshima. Buko inakukataza kumgusa mama. Haijawahi kumkataza mtu kuwa mkweli.

Kuhusu karanga sina neno. Ulizila, zilikuwa tamu, yaishe.

Huyo dada wa Déogratias abaki kwao. Mwambie leo, kabla hajashona nguo. Ukimleta Princesse mwenye miguu mbele ya mama yule, utakuwa umemfanya mjinga mara mbili, na mara ya pili mbele ya ukoo wake wote, na siku atakapojua, maana Likasi si kubwa, hakuna kuku wala mbuzi atakayeweza kukuosha. Déogratias ni rafiki mwema, lakini shauri lake ni kama la mtu ambaye hajaoa.

Kisha nenda kwa Tante Clémentine. Nenda peke yako, kesho ukitoka kazini, usipige simu kwanza. Wewe umemwandika kama adui, lakini mimi nimesoma mwanamke aliyetembea kwa miguu mpaka ghalani ili aibu ya mtoto wa kaka yake isiletwe na mgeni. Huyo ndiye mtu wako. Usimwambie habari za urefu wa waya. Mwambie: "Tantine, nilikosa, na uwongo ulikuwa wangu, na sitaki ungoje Jumamosi. Nisaidie kwenda sasa." Atakufokea. Mwache afoke mpaka amalize, usiseme "ndiyo, Tantine" kama ulivyozoea, maana mtu akifoka na kujibiwa ndiyo tupu anaona hasikilizwi. Akimaliza, mwombe awe mdomo wako. Mtu anayejua mila ilivunjika wapi ndiye anayejua inafunguliwa wapi, na hakuna shangazi anayeombwa kazi hiyo akaikataa. Kitu gani kibebwe, kitenge cha rangi gani, kuku wa namna gani, yeye ataamua, nawe usimrekebishe.

Yote haya yafanyike kabla ya kikao. Usimwache mama wa watu akalisikia kosa hili akiwa amezungukwa na wajomba na mashemeji, akilazimika kuchagua mbele yao kati ya hasira yake na harusi ya binti yake. Mpe nafasi ya kukasirika nyumbani kwake, kwa sauti anayoitaka.

Katikati ya hayo, tengeneza simu ya Joëlle. Na Joëlle mwenyewe mwombe msamaha, wewe na yeye tu, bila ahadi nyingi. Aliuliza swali na wewe ukasema huna jibu. Jibu ni kwamba atamtazama mama yake kwa macho yaleyale, lakini wewe utakuwa umeshatangulia kusema kwamba uwongo aliubeba kwa ajili yako.

Siku mtakayokwenda, ingia nyuma ya Tante. Kaa mahali utakapoonyeshwa, hata kama ni mlangoni. Tante ataanza, kwa maneno yao ya wakubwa, na yatakuwa marefu. Lakini kuna sentensi moja ambayo hapaswi kukusemea, na mwambie hivyo mapema: "Mama, ile simu ilikuwa yangu, na Princesse nilikuwa minye." Hiyo iseme wewe mwenyewe, macho chini kama adabu inavyotaka, lakini sauti isikike. Nakujua kwa barua moja tu, na najua utataka kuongeza maelezo. Usiongeze. Anaweza kunyamaza muda mrefu. Anaweza kucheka, sitashangaa, maana mwanamke aliyetuma salamu za mgongo anajua kucheka. Anaweza pia kukuambia mambo ambayo hutapenda kuyasikia. Yote matatu yapokee ukiwa umekaa.

Kikandio nenda nacho, kwenye kitambaa kilekile alichokifunga, na Tante akiweke mbele yake. Asikitumie zaidi ya robo saa kwa mara moja, na asikiweke juu ya mfupa wa uti, kiende pembeni kwenye nyama. Kama maumivu yanashuka mpaka mguuni, au mguu unakufa ganzi, Joëlle ampeleke kwa daktari wiki hii, kwa sababu miaka kumi na moja ya kuponda mawe haiondoki kwa mtetemo peke yake. Katika kurasa zako zote umeniuliza juu ya uchumba, juu ya Jumamosi, juu ya waya, lakini jambo hili hukuniuliza, na mama yule sasa analala kifudifudi kwenye mkeka.

Unaogopa kumpoteza Joëlle. Inawezekana. Siwezi kukuahidi lolote kuhusu mama ambaye sijamwona, na wazee wakikaa wanaweza kusema mengi. Ila mimi naona mchumba wako amekwisha kukuambia anachokitaka, pale kwenye kona, alipokuja bila haja ya simu. Anataka mwanaume anayeweza kuingia nyumbani kwao akitumia jina lake mwenyewe.

Nenda. Na kama mama atasema uondoke, inuka, mshukuru, uondoke bila kubishana. Kikandio usirudi nacho. Hata akimkataa mkwe, mgongo bado ni wake, na bado unauma.

Mama Aimée